Nani Amelipia Ujumbe Huu?

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo hakupewa bure. Pindo lake halikuwa la kufumuka. Mtoto akivaa suruali aliyoshona yeye, anaweza kupanda ukuta, akateleza, akaburuzika, na suruali ikarudi nyumbani salama kuliko mwenyewe.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja na cherehani mbili. Lakini duka lake hasa lilikuwa kwenye simu. Alikuwa na kundi la wateja, watu mia sita na ushee. Asubuhi alituma picha za sare za shule. Mchana alijibu maswali.

"Kitambaa hiki kinachuja?" mteja akimuuliza.

"Kinachuja. Usikichukue. Chukua kile cha pili," hujibu yeye, hata kama cha kwanza ndicho chenye faida.

Hapo ndipo watu walipompendea. Mama Pindo akisema neno, hakuna aliyekwenda kuulizia kwingine.

Wiki ya tatu ya kampeni za uchaguzi, mwanamume mmoja aliingia chumbani kwake. Alivaa miwani myeusi, na hata ndani hakuivua. Sisi tumwite Bwana Miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta kitambaa?"

"Nimeleta kazi nyepesi kuliko kushona. Nasikia una kundi kubwa. Tunaomba uwatumie ujumbe mmoja tu kuhusu mgombea wetu. Umeshaandikwa. Wewe ni kunakili na kutuma."

Akaweka bahasha juu ya meza.

"Haya malipo ya nini?" Mama Pindo akauliza.

"Malipo tena? Aa, mama! Hii ni asante tu. Na tuna fulana elfu moja za kampeni zinatafuta fundi. Tutakukumbuka."

Mama Pindo akasoma ujumbe. Ulisema hivi: "Mimi kama mama wa watoto watatu, sikuwa na upande. Juzi nimemsikia mgombea huyu kwa masikio yangu, nikalia machozi. Kura yangu ni yake."

"Lakini mimi nina watoto wawili," akasema. "Na huyo mgombea sijamsikia hata siku moja."

"Mama, hayo ni maneno tu. Nani atahesabu watoto?"

Nisikufiche, aliutuma. Alifikiria zile fulana elfu moja, kidole kikabonyeza.

Kesho yake asubuhi mtaa mzima ulikuwa unacheka. Ng'ambo ya barabara alikuwepo kinyozi, mtu wa ndevu za kufika kifuani, hajaoa, hata mchumba hana. Naye alikuwa na kundi la wateja wake. Naye alipewa bahasha. Basi akanakili bila kusoma, akatuma: "Mimi kama mama wa watoto watatu..."

"Hongera kwa kujifungua, kaka!" watu wakamwandikia. "Watoto wanakuvuta ndevu?"

Mama Pindo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha mtu akaweka ujumbe wa kinyozi na wake pamoja, kwenye picha moja. Chini yake wakafuata muuza viatu na fundi simu, nao wamelia machozi yale yale, siku ile ile. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Kufika mchana, watu arobaini walikuwa wametoka kwenye kundi. Muuguzi wa zahanati, mteja wake wa miaka mingi, alimwandikia: "Sare zangu nne usishone. Kama machozi yako yanauzwa, nitajuaje kwamba sifa za vitambaa vyako hazilipiwi?"

Mama Pindo aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nyamaza tu, yatapita," mumewe akamwambia. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu asiyependa makuu.

"Nikinyamaza nitashona nini, baba? Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Watu hawanunui kitambaa hapa. Wananunua neno langu, na neno langu nimelitupa jalalani kwa mikono yangu mwenyewe."

Akachukua simu na ile bahasha, akaenda nyumba ya pili. Hapo alikaa dada mmoja, karani wa ofisi ya uchaguzi. Alimkuta anaanua nguo. Akamweleza yote, hakubakiza.

"Nitafungwa?" akauliza.

"Vuta pumzi kwanza, dada," akasema Karani. "Nikuulize. Ungempenda mgombea huyu mwenyewe, ukaandika kwa moyo wako, kuna kosa?"

"Sidhani."

"Hakuna. Hayo ni maoni yako, na ni haki yako. Na akikulipa umtangazie?"

"Hapo ndipo nilipokosea."

"Hata hapo, sheria yetu haikatazi. Ila hayo si maoni tena. Ni tangazo. Na tangazo la kisiasa lazima liseme kwamba limelipiwa, na aliyelilipia ni nani. Bango la barabarani linaandikwa jina la mwenyewe. Na simu ni vivyo hivyo."

"Yeye alisema si malipo, ni asante."

Karani akatupa nguo kwenye beseni. "Asante! Neno hilo ndilo kichaka chao. Sikiliza. Kila kampeni imewekewa kiwango cha matumizi. Lazima waeleze fedha wamezipata kwa nani na wamezitumia wapi. Sasa malipo yanaandikwa. Asante haiandikwi. Wakigawa asante mia mbili, kwenye daftari lao hakuna kitu. Mwenye pesa nyingi anawafunika wenzake, na hakuna anayejua pesa hizo ni za nani, wala atataka alipwe nini akishinda. Na mpiga kura anadhani akina mama mia mbili wamelia kwa hiari yao."

"Pamoja na kinyozi."

"Pamoja na kinyozi," Karani akasema, na wote wawili wakacheka.

"Sasa nifute?"

"Usifute! Ukifuta, ushahidi umekwenda. Piga picha ya skrini. Hifadhi namba yake na kila alichokutumia. Bahasha twende nayo ofisini, uandike malalamiko. Ni bure. Kisha useme ukweli pale pale uliposema uongo."

Walikwenda siku hiyo hiyo. Mama Pindo aliporudi, aliandika kwenye kundi lake:

"Ujumbe wangu wa jana ni tangazo. Umelipiwa na kampeni ya mgombea anayesifiwa humo. Nilipewa bahasha na mtu wake. Mimi nina watoto wawili, mgombea sijamsikia, na sikulia. Niliwadanganya. Nisameheni."

Haikupita saa moja, Bwana Miwani akaingia kwa kishindo.

"Futa hicho kitu sasa hivi!"

"Leo hata shikamoo hakuna?"

"Mama, unacheza na watu wakubwa. Fulana sahau. Na mwenye nyumba hii ni mtu wetu. Kesho utashonea barabarani."

Mama Pindo alitazama cherehani zake mbili. Aliogopa, tena sana. Chumba kile ndicho kilichosomesha wanawe. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, akasimama.

"Basi nitashonea barabarani! Sifuti hata nukta. Niletee kitambaa nitashona, niletee uzi nitatia kwenye sindano. Lakini usiniletee 'mimi' iliyokwisha kuandikwa. Mimi ni mimi. Na bahasha yako iko ofisi ya uchaguzi. Kaifuate, wanakungoja."

"Na yangu iko huko huko!" ikasikika sauti mlangoni. Alikuwa kinyozi, mashine ya kunyolea mkononi. "Mimi mama wa watoto watatu nimeipeleka mwenyewe."

Bwana Miwani alitoka bila kuaga. Na yale ya mwenye nyumba? Mama Pindo alimwendea asubuhi yake na kumuuliza waziwazi.

"Mimi mtu wao?" mzee akashangaa. "Hata kofia hawajanipa! Lipa kodi yako, ushone."

Ofisi ya uchaguzi iliwaita watu wa kampeni ile. Waliamriwa kuandika kila bahasha kwenye hesabu zao, na kila ujumbe uliolipiwa utumwe upya ukiwa na jina la mlipaji. Mama Pindo naye alipewa onyo, maana alituma bila kuuliza. Alilipokea na hakubisha. Fulana elfu moja zilikwenda kwa fundi mwingine. Wateja wengine hawajarudi mpaka leo.

Siku chache kabla ya kura akaja mtu wa upande wa pili, mpole, na ujumbe wake mfukoni.

"Jina la anayelipa liandike juu kabisa, kwa herufi kubwa, na nikuandikie risiti," Mama Pindo akamwambia.

"Hata sisi, mama? Sisi si kama wale!"

"Hata ninyi. Hata angekuwa kaka yangu wa tumbo moja."

Yule mtu akakuna kichwa, akaondoka.

Jioni hiyo muuguzi wa zahanati alifika amemshika mwanawe mkono. Alikuwa amesoma yote kwenye simu. Akakaa kwenye kiti, akasogea karibu, akanong'ona:

"Haya shoga, hapa tuko wawili tu. Wewe mwenyewe utampigia nani?"

Mama Pindo akakata uzi kwa meno.

"Hiyo ni siri yangu na sanduku la kura. Haina bei na haitakuwa nayo. Msogeze mtoto nimpime."