Alama za Mguu Mmoja

Kila siku saa kumi na nusu Trizah alifika nyumbani Kalimoni kutoka shuleni. Alivua sare, akanywa chai ya thamosi, kisha akapiga deki. Mama yake, Nyawira, alishona nguo kiwandani Ruiru na hakurudi kabla ya saa moja jioni. Guka Ephantus, babake Nyawira, ndiye aliyeshinda nyumbani. Asubuhi alipalilia maharagwe, na mchana alikaa nje kwenye kivuli. Cucu, bibi yake Trizah na mke wa Guka, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu hapo nyumba ile ya mawe ilikuwa na watu watatu tu, na mchana ilikuwa kimya sana.

Jumatatu moja Trizah aliona doa sakafuni karibu na mlango wa jikoni. Lilikuwa la mviringo, la rangi ya damu iliyoanza kukauka, kubwa kama kifuniko cha soda. Hatua moja mbele kulikuwa na lingine. Hatua nyingine, lingine tena. Aliyafuata hadi sebuleni. Yaliishia mbele ya kiti cha cucu, na kiti kilikuwa kitupu.

Alitoka nje, akakimbia kwa Guka.

"Guka, umejikata?"

Mzee aliigeuza mikono yake, akaitazama kila upande. Miguu ilikuwa ndani ya gambuti, buti zake za mpira za shambani. "Mimi? Sijajikata. Sisikii uchungu popote."

Trizah aliyapangusa madoa. Maji kwenye ndoo yakawa mekundu hafifu.

Siku iliyofuata yalikuwepo tena. Jumatano pia. Alimwonyesha Kui, rafiki yake wa nyumba ya pili. Kui alichuchumaa, akayahesabu kwa kidole, kisha akasimama ghafla.

"Trizah, hizi alama ni za mguu mmoja tu. Zote ziko upande wa kulia. Mtu hutembea na mguu mmoja?"

"Basi ni nini?"

Kui alikitazama kile kiti, akashusha sauti. "Si cucu wako alikuwa anakaa hapo? Mimi naenda kwetu."

Baada ya siku hiyo Trizah hakumwambia mtu yeyote tena. Aliingia ndani mbio, akapangusa bila kuinua macho, akatoka. Alhamisi aliwakuta sisimizi wamejipanga mstari mmoja, doa hadi doa, kama watu wanaojua njia. Kulikuwa pia na harufu. Haikuwa kali, lakini ilikuja na kupotea, tamu kidogo, kama ya tunda lililooza.

"Ni nini kinanuka humu?" Mama aliuliza Ijumaa jioni.

"Labda panya amekufa darini," Trizah alijibu haraka. Alijua anadanganya, ila aliogopa kuutamka ukweli ndani ya nyumba ile.

Jumamosi Mama alienda kazini kufanya ovataimu. Trizah alimaliza kupiga deki, akaketi jikoni kumenya viazi. Sakafu ilikuwa bado na unyevu, safi kabisa. Mlango wa nje ulifunguka. Guka aliacha gambuti kizingitini, akapita na soksi huku akiimba wimbo wa kanisani taratibu. Alielekea sebuleni, kwenye kiti cha cucu, ambako siku hizi alipenda kupumzika kidogo saa sita jua likiwa kali.

Trizah aliinua macho. Nyuma ya Guka, kila alipokanyaga kwa mguu wa kulia, doa jekundu lilibaki. Mzee aliendelea kuimba.

"Guka, simama!"

"Kuna nini, maitu?" Ndivyo alivyozoea kumwita, "mama" kwa Kikuyu.

"Soksi yako. Inatoa damu."

Guka alicheka. Alidhani ni mzaha wa watoto. Trizah alimketisha, akaanza kuivua ile soksi. Ilikuwa imeganda kwenye ngozi, ikabidi aivute polepole, akingoja mzee apige kelele. Hakupiga. Chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo lenye kingo nyeupe, na ndani yake peusi. Mguu wote ulikuwa umevimba, na ulikuwa moto.

Guka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliinama akautazama kwa muda mrefu.

"Huo mguu ni wa nani?" aliuliza.

Trizah alikimbilia gambuti, akamulika ndani kwa tochi ya simu ya Guka. Ncha ya msumari ilikuwa imetoboa soli na kusimama wima. Guka alikuwa ameukanyaga juma zima.

"Usimwambie mama yako," Guka alisema. Sasa hakuwa akicheka. "Karanja wa pale chini alienda hospitali na miguu miwili, akarudi na mmoja. Nitaosha na maji ya chumvi, itapona. Niahidi."

Trizah aliahidi.

Ilipofika saa tisa, Guka alikuwa akitetemeka kitini ingawa jua liliwaka. Alitazama nyuma ya bega la Trizah, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Wangechi," alisema kwa upole, "funga mlango. Baridi inaingia."

Wangechi lilikuwa jina la cucu. Mlango ulikuwa umefungwa.

Trizah hakugeuka kutazama. Aliichukua simu ndogo ya Guka, akatoka nje na kumpigia mama yake, huku akilia.

"Mama, nilikudanganya. Hakuna panya. Ni mguu wa Guka, na sasa anaongea na cucu. Njoo haraka."

Mama alirudi na gari la jirani, wakampeleka Guka hospitalini Thika. Katika chumba cha kusafishia vidonda walipokelewa na Sista Ndunge, muuguzi mfupi mwenye sauti tulivu. Alipima sukari kwenye damu, akatikisa kichwa. Kisha akachukua kijiti chenye uzi mwembamba mgumu.

"Mzee, funga macho. Nikikugusa mguu, sema ndiyo."

Guka alifumba macho, akangoja. Sista aligusa kisigino. Akagusa unyayo, akagusa kila kidole. Guka aliendelea kungoja kwa subira, uso umeelekea darini.

"Si uanze, Sista," alisema hatimaye. Alikuwa ameguswa mara kumi.

Mama alifunika mdomo kwa mkono.

"Ana kisukari, nacho kimeua hisia za miguu," Sista Ndunge alieleza. Alikiosha kidonda kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, akakata nyama iliyokufa, na Guka hakukunja hata uso. Alikuwa akimwuliza Mama kama mvua imenyesha Ruiru.

Guka alilazwa siku kumi na mbili. Walimpa dawa za kuua viini na za kushusha sukari, na kidonda kilisafishwa kila siku. Kidole gumba hakikuweza kuokolewa, wakakikata. Mguu ulibaki.

Siku ya kuruhusiwa, Trizah alimweleza Sista yote: madoa, hofu, uongo wa panya, na ahadi. Alingoja kukemewa.

"Uliogopa, na ukanyamaza siku tano," Sista alisema. "Siku hizo zimechukua kidole. Halafu ukasema, na kusema huko kumeokoa mguu, pengine na maisha. Ukiona damu, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata ukiambiwa uifiche. Na kwa mgonjwa wa kisukari msingoje uchungu, hautakuja. Mtazame miguu yake kila siku, katikati ya vidole na chini. Kung'uteni viatu kabla hajavaa. Na asitembee bila viatu."

Guka aliinama, akakung'uta kiatu chake kabla ya kukivaa.

Kesho yake asubuhi, kabla Trizah hajaenda shuleni, mzee aliketi kwenye ngazi za mlango mahali penye mwanga, akanyoosha miguu yote miwili.

"Njoo uangalie," alimwita. "Angalia polepole. Nilikosea kukuambia ufiche. Ukiona kitu, niambie, na umwambie mama yako, hata kama nitakasirika."

Trizah alipiga magoti, akaanza na kisigino.