Kinyozi na Karatasi ya Faini

Jumanne asubuhi Kinyozi hafungui duka lake. Wateja wote wanajua. Jumanne ni siku ya mama mkwe.

Mama mkwe alipata kiharusi mwaka jana. Mguu wake wa kushoto ulikataa kazi, na goti likaanza kukakamaa. Tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Ulimi wake lakini haukuguswa hata kidogo, na Kinyozi ndiye shahidi.

Mkewe Kinyozi huondoka alfajiri kwenda kiwanda cha sabuni. Kwa hiyo kazi ya kumpeleka Mama kliniki ni ya mkwe. Mwanzoni wote wawili waliona haya. Siku hizi wanataniana.

"Baba, leo umeninyanyua kama gunia la mkaa," mama mkwe alisema akiingizwa garini.

"Samahani, Mama. Wakati wa kurudi nitakunyanyua kama gunia la sukari."

"Hapo sawa. Sukari hubebwa kwa heshima."

Kinyozi alikunja kiti akakiweka nyuma. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini lilifika.

Kliniki ilikuwa na habari njema. Goti lilikuwa limeanza kulegea. Wiki iliyopita mama mkwe alisimama mwenyewe, ameshika vyuma, mpaka wakahesabu kumi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alifurahi, kisha akawaonya.

"Msikose hata siku moja," alisema. "Mkikosa sasa, goti litarudi lilikotoka."

Jumanne hiyo Kinyozi aliegesha karibu na mlango wa kliniki, mahali palipochorwa kiti cha magurudumu. Alimshusha Mama akamwingiza ndani. Walipotoka baada ya saa moja, walikuta karatasi imebanwa na waipa kwenye kioo cha mbele. Kinyozi aliichukua haraka akaikunja kabla Mama hajaiona vizuri.

"Nini hicho?"

"Matangazo tu, Mama."

Alipofika dukani aliifungua. Juu kulikuwa na neno FAINI. Chini yake iliandikwa: "Umeegesha mahali pa watu wenye ulemavu bila kuonyesha kadi." Kisha kwa herufi nene: "Usipolipa, gari litavutwa na kuzuiliwa." Hakusoma zaidi.

Kinyozi hakuwa mwoga wa mbwa, wala wa radi. Alikuwa mwoga wa karatasi yenye muhuri. Alipokuwa mdogo alimwona baba yake akibishana na mtu mwenye sare kuhusu kibanda chao cha kunyolea. Kesho yake kibanda hakikuwepo. Tangu siku hiyo aliamini kwamba kumjibu mtu wa ofisini ni kujitafutia balaa.

Pesa ya faini hakuwa nayo. Aliificha karatasi kwenye droo, chini ya nyembe. Hakumwambia mtu.

Lakini hofu haifichiki kwenye droo. Ilimfuata mezani, akawa anarudisha sahani imejaa. Ilimfuata kazini, akawa anasikia mlio wa kila gari. Gari lake alilihamisha. Alilipeleka nyuma ya duka la mbao, akalifunika kwa turubai, akaweka na mabanzi ya mbao juu yake. Mwenye duka la mbao alimuuliza kama gari limefariki.

Jumanne iliyofuata mama mkwe alikuwa tayari, amevaa viatu, mkoba mapajani.

"Mama, leo gari limegoma," alisema Kinyozi. Hakumtazama usoni.

"Limegoma vipi?"

"Betri."

Teksi za pale mtaani zilikuwa hazikubali kubeba kiti cha magurudumu. Mama mkwe alilijua hilo.

"Basi, mwanangu. Tutasubiri," alisema, akaanza kuvua viatu.

Laiti angelalamika. Upole wake ulimchoma Kinyozi kuliko maneno makali.

Kufikia Ijumaa goti lilikuwa limevimba. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi kidogo, na Kinyozi alimwona akijaribu kunyoosha mguu peke yake. Alikuwa ameuma kitambaa ili asipige kelele. Kinyozi aliondoka kwa kunyata. Alijua goti lile ni kazi ya nani.

Jumamosi asubuhi alikuwa akimnyoa mwalimu wa hesabu. Alikuwa amefika nusu ya kichwa. Ndipo gari la kuvuta magari likaingia mtaani, taa ya njano ikizunguka juu yake. Mashine ikaserereka ikaacha njia juu ya sikio la mwalimu. Kinyozi akajitupa nyuma ya pazia la stoo.

"Kinyozi," mwalimu aliita, "umenipunguza nusu halafu umetoweka?"

Gari lile lilipita. Lilikuwa limekuja kulitoa lori la mchanga lililonasa mtaroni. Kinyozi alirudi, akamaliza kazi. Mwalimu alitoka amevaa kofia, na siku hiyo haikuwa ya baridi.

Yote hayo yalionwa na jirani wa duka la pili, fundi viatu. Watu humwita Bi Gundi, kwa sababu ya harufu ya kazi yake. Alipata polio utotoni, na hutembea kwa magongo mawili. Aliingia dukani akakaa kwenye kiti cha mwalimu.

"Jirani, umemuua nani?"

"Dada, leo usinitanie."

"Sikutanii. Mtu mzima hajifichi nyuma ya pazia bure. Sema."

Kinyozi alichungulia mtaani. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mtu.

Bi Gundi aliisoma upande wa mbele. Kisha akaigeuza. Kinyozi alishangaa. Hakujua kama nyuma kulikuwa na maandishi.

"Ulisoma huku?"

"Sikufika huko. Niliishia kwenye kuvutwa."

"Ndiyo maana umekonda. Sikiliza." Bi Gundi alisoma polepole. "Mwenye gari ana siku kumi na nne za kuleta pingamizi kwa maandishi. Gari halitavutwa wakati pingamizi linashughulikiwa. Mwenye gari akilipa, atahesabiwa kuwa amekubali kosa."

"Pingamizi ndiyo nini?"

"Ni kusema kwamba hukubaliani na faini, na sababu zako ni hizi. Si matusi wala ugomvi."

"Na wakikasirika?"

"Akasirike nani? Kuna karani analipwa mshahara asome barua hizo. Usipompelekea atasinzia. Leo siku ya ngapi?"

Kinyozi alihesabu kwa vidole. "Ya kumi na moja."

"Jumatatu itakuwa ya kumi na tatu. Umeponea chupuchupu. Sasa niambie, Mama ana kadi ya ulemavu?"

"Anayo. Tulihangaika miezi mitatu kuipata."

"Siku ile ilikuwa wapi?"

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Kabatini. Tumeifunga kwa plastiki, tukaiweka chini ya hati ya nyumba. Tuliogopa jua lisije likaipausha."

Bi Gundi alimtazama. Kisha alicheka mpaka gongo moja likaanguka.

"Jirani, ile si cheti cha ndoa. Kazi yake ni kukaa mbele ya gari, chini ya kioo, ili askari aione. Ikipauka utaomba nyingine. Na jambo lingine. Kadi ni ya Mama, si ya gari. Mama akiwemo, itumie. Ukiwa peke yako umefuata nyembe, usithubutu. Mimi mwenyewe nitakuitia askari. Wazima wanaoziba nafasi zile wamenitesa sana."

"Basi nina kosa," alisema Kinyozi.

"Kosa lako ni kutoionyesha kadi. Kuegesha pale hukukosea, maana ulimpeleka mtu mwenye haki ya pale. Andika yote mawili. Usitie chumvi. Wakikukamata na uongo mmoja, hata ukweli wako hautaaminika."

Jioni Kinyozi alipiga moyo konde. Alimweleza mkewe na mama mkwe kila kitu, tangu droo hadi turubai.

"Mume wangu," alisema mkewe, "unamwogopa askari kuliko unavyoniogopa mimi? Umekosea hesabu."

Mama mkwe hakucheka.

"Kwa hiyo betri ilikuwa nzima," alisema.

"Nzima, Mama."

"Nami nimeuma kitambaa wiki nzima."

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, Mama. Niliogopa."

"Kuogopa si kosa. Ungeniambia, tungeogopa wote wawili." Alimnyooshea mkono. "Leta kalamu. Mimi nitasema, wewe uandike. Mwandiko wako nauonea huruma, lakini ndio tulio nao."

Waliandika, wakafuta, wakaandika tena. Mwisho barua ilisomeka hivi:

"Kwa Ofisi ya Maegesho. Napinga faini ambayo namba yake na namba ya gari nimeandika hapo juu. Jumanne hiyo saa tatu asubuhi nilimpeleka mama mkwe wangu kliniki ya mazoezi ya viungo. Hawezi kutembea na anatumia kiti cha magurudumu. Anayo kadi halali ya mtu mwenye ulemavu. Kadi hiyo tuliiacha nyumbani kwa kutojua kwamba lazima ionekane garini. Hilo ni kosa letu na hatutalirudia. Naambatisha nakala ya kadi, nakala ya faini, na barua ya kliniki inayoonyesha siku na saa aliyotibiwa. Naomba faini ifutwe."

Mama mkwe alitia sahihi pia.

Jumatatu asubuhi Kinyozi alipita kliniki akaandikiwa barua ya mahudhurio. Alitoa nakala mbili za kila kitu, moja ya ofisi na moja yake. Kisha akaenda Ofisi ya Maegesho. Korido ilikuwa ndefu na baridi. Watu walikaa kwenye mabenchi. Mara mbili alisimama aondoke. Mara mbili alikumbuka kitambaa kile, akakaa tena.

Dirishani kulikuwa na karani mwanamke mwenye miwani. Alisoma barua yote. Kisha akainua macho.

"Kwa nini kadi haikuwa garini?"

Uongo ulimfika Kinyozi kwenye ncha ya ulimi. Angesema kadi ilianguka chini ya kiti. Nani angejua?

"Tuliifungia kabatini," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tuliogopa itaharibika."

Karani aliandika kitu. "Si wewe wa kwanza," alisema. "Majibu ni ndani ya siku thelathini. Siahidi kitu."

Kinyozi hakuondoka. Bi Gundi alikuwa amemwambia asitoke bila uthibitisho. Yaani amwombe mtu wa ofisini agonge muhuri!

"Naomba unigongee kwenye nakala yangu kwamba umeipokea. Na tarehe, tafadhali."

Karani aligonga muhuri bila hata kumtazama. Hakuna kibanda kilichovunjwa.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Turubai liliondolewa, na kadi ikawekwa mbele ya gari chini ya kioo. Kinyozi aliegesha mahali palepale. Alipokuwa akifungua kiti cha magurudumu, askari wa maegesho alikuja. Askari aliinama, akaitazama kadi na picha yake, kisha akamtazama mama mkwe.

"Faini ile niliandika mimi. Siku ile ningeiona hii, nisingeandika," alisema, akaenda zake.

Ndani ya kliniki hakukuwa na nafuu. Mtaalamu alilishika goti, akatikisa kichwa. Mama mkwe alisimama kwenye vyuma. Walipohesabu mbili, akaanguka kwenye kiti.

"Tunaanza upya," alisema mtaalamu. Kinyozi alitazama ukutani.

Wiki tatu baadaye bahasha ilifika. Kinyozi aliizungushazungusha mkononi mpaka mkewe akamnyang'anya akaifungua. Faini ilikuwa imefutwa. Walikumbushwa kuonyesha kadi kila mara. Bi Gundi alipopata habari alisema karani amestahili mshahara wake, akarudi kushona kiatu.

Karatasi ilichukua wiki tatu. Goti lilichukua miezi miwili kurudi pale lilipokuwa kabla ya uongo wa betri. Kila Jumanne Kinyozi alikuwa hapo, na kila Jumanne aliona alichokiharibu kikijengwa upya, kidogo kidogo, kwa maumivu ya mtu mwingine.

Kisha ikafika siku ambayo mama mkwe aliachia vyuma. Mtaalamu alisimama nyuma yake. Kinyozi alisimama mbele, mikono wazi. Mama mkwe alipiga hatua moja. Akapiga ya pili. Ya tatu akayumba, akasimama, akamtazama mkwe wake.

"Mbona umetoa macho? Bado unaogopa?"

"Naogopa sana, Mama. Naogopa utaanguka."

"Hofu hiyo nakuruhusu," alisema mama mkwe, akainua mguu wa kushoto.