Kitambaa Cheusi cha Raija

Soko la Tammela, mjini Tampere, lilikuwa limefurika, na foleni ya soseji nyeusi ilipinda hadi kwa wauza maua. Senja alisimama humo na koti lake la manjano na suruali nyeusi. Suruali zake zote zilikuwa nyeusi. Sababu aliijua yeye na mashine yake ya kufulia.

Nyuma yake kijana mrefu mwenye sahani akajikwaa.

"Samahani, dada. Nimekuchafua huku nyuma. Pamekuwa pekundu."

Senja akaganda, mikono yote miwili ikaenda makalioni. "Pekundu kwa nini?"

"Ni jemu ya soseji. Nimeimwaga mimi."

"Una hakika ni jemu?"

"Unataka nionje?"

Senja alicheka mpaka muuza soseji akaacha kisu hewani. Kijana akajiona mchekeshaji hodari. Wanaume hupewa sifa nyingi zisizo zao, acha na hii aichukue.

Jina lake Otso, fundi wa lifti. Theluji ilipoyeyuka walikuwa wapenzi, naye alimpigia simu kila mchana.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula, ila njaa yako haijaisha."

"Otso, uko kazini."

"Niko peke yangu ndani ya lifti. Nani atanisikia?"

"Mbona nasikia mzee anakohoa?"

"Huyo alikwama. Namtoa sasa hivi."

Kiangazi kilipoingia, Otso akampeleka kwa mama yake, Raija, kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa. Sauna, chumba cha kuogea mvuke, ilikuwa imewashwa. Huko wanawake huingia pamoja, uchi kama walivyozaliwa, na kila mtu wa nyumba ana kitambaa chake cha kukalia, kimetundikwa kwenye msumari wake. Mgeni akikaribishwa humo, ujue ameanza kuhesabiwa ndani.

"Njoo, binti, joto limekolea," alisema Raija.

"Ahsante, mama. Leo sitaoga."

Raija hakuuliza. Watu wa huko hawaulizi. Alimmiminia kahawa. Safari ya pili Senja akakataa tena, na ya tatu akakataa, na kahawa ikazidi kuwa nyepesi.

Hedhi ya Senja ilikuwa kama mgeni asiye na adabu. Ilipotea miezi hadi akaisahau, kisha ikaingia bila hodi na kukataa kuondoka. Tangu usichana aliambiwa itatulia yenyewe. Sasa alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu mzima, na haijatulia. Aliogopa kulichafua benchi la mama mkwe. Zaidi aliogopa swali ambalo lingefuata, maana alisoma mtandaoni kwamba wanawake wa namna yake hawapati watoto, na Otso alipenda watoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Senja aliuficha wake kwa hofu hiyohiyo ya kutozaa.

Garini, wakirudi mjini, Otso alisema, "Mama anaona sisi si wa hadhi yako."

"Alisema hivyo?"

"Hakusema. Alikunja taulo kwa namna hiyo."

"Otso."

"Una nini mwilini? Umechorwa jina la mtu?"

"Sina jina la mtu. Ni mambo yangu tu."

"Haya. Kaa na mambo yako."

Simu za mchana zikakoma. Senja akakaa nayo kweli, hadi alipoyachoka, akaenda kwa daktari. Daktari, mama mnene mwenye miwani shingoni, akampima damu, akamtazama tumbo kwa mashine.

"Mayai yako yanachelewa kupevuka," akasema. "Wasichana wengi wako hivyo, wanakaa kimya tu. Tutakupa dawa, siku zako zijipange."

"Na watoto?"

"Una mtu?"

"Nilikuwa naye."

"Basi anza na huyo. Wengi hupata watoto wenyewe, wengine kwa kusaidiwa kidogo. Mlango haujafungwa."

Jioni Senja akapiga simu. "Usikate. Siku ile sokoni, si wewe uliyenichekesha. Nilicheka kwa sababu haikuwa damu."

Akamweleza yote, hata la watoto.

"Kwa hiyo mimi si mchekeshaji?" Otso akauliza.

"Kidogo."

"Hilo ndilo limeniuma." Akavuta pumzi. "Kipenzi, mimi natengeneza lifti. Kuchelewa si kuharibika. Ningojee, nakuja. Ila mama mwambie mwenyewe."

Jumamosi, kibarazani, Senja akamwambia Raija, macho yakiwa kwenye kikombe. Raija akakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Ulidhani mimi nilizaliwa gogo?" akasema. "Vua nguo."

"Mama, dawa nimeanza juzi tu, inaweza kuja wakati wowote."

"Ije. Maji yapo, ziwa zima."

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya majani ya mti wa mbetula. Misumarini vilining'inia vitambaa vyeupe, na kimoja cheusi, kimepauka kwa kufuliwa. Raija akakishusha, akamtandikia benchini.

"Hiki ni cha nani, mama?"

"Changu. Tangu nilipoletwa hapa. Ulidhani kwa nini ni cheusi?"

Senja akakaa. Wakacheka, wakayamwagia mawe ya moto maji, wakacheka tena.

"Mnachekea nini?" Otso aliuliza kutoka nje.

"Wewe," alisema mama yake.

Kisha mlangoni ikasikika sauti ndogo, haikuwa ya mchekeshaji hata kidogo. "Senja, utakubali nikuoe?"

Senja akamtazama Raija. Raija akatazama ukuta, pale vitambaa vilipoishia.

"Nimekubali," alisema Senja.

"Umesikia," Raija akapaza sauti. "Sasa lete nyundo na msumari."

Otso hakuuliza wa nini.