Taa Nyekundu na Tiara ya Tusekile

Sogeeni karibu. Nina hadithi ya taa moja. Taa yenyewe ndogo, lakini imemliza mtoto!

Mtoto huyo ni Tusekile wa Tukuyu. Ana miaka mitano. Ana tiara mpya, yenye mkia wa bluu.

Mama yake ni mwanasayansi. Anatengeneza programu ya kompyuta. Inasoma vipimo vya mvua kutoka mlima Rungwe, ili watu wajue mto utajaa lini.

Kila mama akibadilisha kitu, kompyuta inaijaribu programu. Majaribio yote yakipita, taa iliyo juu ya meza inawaka kijani. Moja likikwama, taa inawaka nyekundu.

"Nabadilisha kitu kimoja cha mwisho. Taa ikibaki kijani, tunaenda kurusha tiara," mama alisema.

"Leo leo?"

"Leo leo, mwanangu."

Tii, tii, tii... puu! Nyekundu.

Mama alishika kichwa. "Nimekosea wapi jamani?" Alitafuta kosa, hakuliona. Akabonyeza kitufe, kompyuta ijaribu tena.

Tii, tii, tii... puu! Nyekundu.

Tusekile alikaa mlangoni na tiara yake. Nje upepo ulivuma, fyuuu! Upepo mzuri kabisa, bure tu.

"Mama, bado?"

"Bado, mwanangu."

Mama alibadilisha hiki. Akabadilisha kile. Hata visivyo na kosa alivibadilisha!

Tii, tii, tii... puu! Nyekundu.

Upepo ukaanza kupungua. Fyu... fyu... Tusekile akaiweka tiara chini.

"Haitaruka," alisema. "Haitaruka kabisa." Akalia. Moyo ulimuuma sana.

Mama naye akalaza kichwa mezani. "Hata mimi nimechoka. Sijui tena nifanye nini."

Tusekile hakutaka kuiona ile taa. Akageuka, akautazama mlima. Ulikuwa umefunikwa na wingu zito.

"Mama," alisema huku akijifuta machozi. "Asubuhi mlima ulikuwa wazi, na taa ilikuwa kijani. Wingu lilipokuja, ikawa nyekundu."

Mama akainua kichwa. Akatazama jaribio lililokwama. Ni lile la kuleta vipimo kutoka mlimani!

"Ala! Wingu likiwa zito, mtandao wa mlimani unakatika. Sikukosea popote! Na mimi nahangaika kutwa nzima!"

"Sasa utabonyeza tena?" Tusekile aliuliza kwa huzuni.

"Hapana. Kompyuta itarudia yenyewe."

Mama akaiandikia: Mtandao ukikatika, subiri kidogo, kisha rudia. Rudia mpaka mara tatu. Kosa likiwa langu, usirudie. Niambie.

Halafu mama akasimama. Akavaa kandambili!

Wakatoka uani, Tusekile na tiara yake mkononi. Taa walikuwa wanaiona dirishani.

Tii, tii, tii... puu! Nyekundu.

Mama akageuka kukimbilia ndani. Tusekile akamshika mkono.

"Mama, si umeiambia irudie?"

Mama akasita. Akaitazama taa. Akamtazama mtoto wake. "Ni kweli. Nimeiambia."

Tii, tii, tii... puu! Nyekundu.

Safari hii mama hakugeuka. Alikuwa ameshika kamba ya tiara.

"Kimbia, Tusekile! Kimbia!"

Tusekile akakimbia. Upepo uliobaki ukaishika tiara. Fyuuu! Ikapanda, ikapanda, mkia wa bluu ukicheza.

Mlimani wingu likafunguka kidogo. Ndani ya nyumba, kompyuta ikarudia tena. Tii, tii, tii... ting!

Kijani.

Lakini hakuna aliyeiona. Tusekile na mama yake walikuwa wanatazama juu.