Kago la Semeni

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Nguvumali, Semeni aliamshwa na harufu ya vitumbua. Bibi yake, Bibi Maryam, alikuwa mtu wa Pemba aliyehamia Tanga zamani, na vitumbua vyake vilisifiwa mpaka mtaa wa Mabawa. Kazi ya Semeni ilikuwa kuvipanga kwenye sinia, kuvifunika kwa kawa na kulitoa sinia barazani. Kisha alivaa sare yake ya darasa la sita na kuondoka huku akilamba vidole.

Wateja walikuwa walewale. Wa kwanza alikuwa Mzee Fanueli, Msambaa aliyestaafu kazi ya mkonge, ambaye hakuamini kitu ila Mungu na kitumbua cha moto. Wa pili alikuwa Mwalimu Anastazia, aliyefundisha sayansi shuleni kwao Semeni. Wa mwisho alikuwa Mundhir, aliyesoma darasa moja na Semeni. Yeye alinunua kimoja na kuomba cha pili.

Nyuma ya nyumba, kando ya njia ya kwenda bombani, palikuwa na mstafeli. Mwaka huo ulizaa matunda machache, na Semeni alikuwa amelichagua moja kubwa kuliko yote. Kila siku alilibonyeza kwa kidole kuona kama limeiva. Siku moja alirudi kutoka shule akakuta kikonyo kitupu.

"Mwizi!" alisema Semeni.

Hakumwuliza mtu. Alimfikiria Mundhir papo hapo, kwa kuwa Mundhir alikuwa na tumbo lisilojua kutosheka, na kwa Semeni huo ulikuwa ushahidi tosha.

Aliwahi kusikia wakubwa wakisimulia habari za kago, dawa inayowekwa shambani ili mwizi akigusa tu, tumbo limvimbe. Semeni hakujua kago linatengenezwaje, lakini aliwaza kwamba hata wezi hawajui. Akachukua kifuu cha nazi, akakipaka masizi ya sufuria, akakifunga kitambaa chekundu na kuchomeka manyoya ya kuku. Juu yake akaning'iniza kijiko kibovu kwa uzi wa kushonea magunia, ili upepo ukipita kijiko kigonge kifuu. Alikiweka shinani mwa mti, karibu na kichaka cha mchaichai. Mwishoni akatema mate kidogo, maana aliona dawa bila mate haijakamilika.

Asubuhi yake Mundhir alipita na ndoo akielekea bombani. Upepo ukavuma kidogo.

Ko!

Mundhir alitazama, akaona chekundu na cheusi, akatupa ndoo na kutimua mbio. Jioni akaumwa tumbo. Mchana kutwa alikuwa amekula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, lakini hakuna aliyeuliza habari za embe.

Habari zilimfikia dada Leticia, jirani aliyekuwa amejifungua karibuni. Kwa kuwa hakuweza kutoka na mtoto mchanga, dada Leticia alifanya kazi ya redio kutokea dirishani. Kufikia usiku, tumbo la Mundhir lilikuwa limevimba kama boga. Kufikia asubuhi alikuwa ametapika sindano. Mundhir mwenyewe, aliyekuwa ameshapona, alipozisikia habari hizo alirudi kitandani.

Watu wakaingiwa hofu, na wa kwanza kupeleka mchele wa kulituliza kago alikuwa Mzee Fanueli.

"Shikamoo babu," alisema Semeni, aliyekuwa akitoka kuchota maji.

"Marahaba. Usinitazame hivyo, mjukuu wangu. Mimi ni Mlutheri, mambo haya siyaamini," alisema mzee huku akimwaga mchele kidogo mbele ya kifuu. "Hii ni tahadhari tu."

Akarudi nyuma. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Mara ikasikika: ko, ko, ko. Mzee aliyetembelea mkongojo miaka yote alifika kwake mbio, mkongojo akiwa ameubeba begani.

Tangu hapo mchele ukaanza kumiminika. Aliyekuwa na mtihani alileta, aliyekuwa akitafuta kazi alileta, hata golikipa wa timu ya mtaa alileta. Aliyegongewa alishukuru na kwenda zake. Asiyegongewa alisema mchele wake ulikuwa haba, kesho yake akaleta zaidi.

Mwanzoni Semeni alicheka mpaka akalia. Lakini aliposikia kijiko kikigonga na hakuna jani lililotikisika, kicheko kilimkauka.

"Kijiko nimekifunga mwenyewe," alijiambia. "Uzi ni wa magunia." Alijiambia hivyo tena na tena, na kila alipojiambia sauti yake ilizidi kuwa ndogo.

Kisha dada Leticia akauliza swali kutoka dirishani: "Mstafeli ni wa nani? Si wa Bibi Maryam? Na vitumbua tunavyokula kila siku anapika nani?"

Kesho yake Mzee Fanueli alikunywa chai kavu. Sinia likarudi ndani limejaa. Siku ya pili likarudi limejaa, na ya tatu vilevile. Semeni alikula vitumbua asubuhi, mchana na jioni, mpaka akaanza kuviota.

Bibi Maryam hakujua lolote. Miguu yake mibovu haikumfikisha nyuma ya nyumba, na anayesemwa huwa wa mwisho kusikia. Alikaa barazani akiwafukuza nzi kwenye sinia, akiwaangalia wateja wake wakivuka upande wa pili wa njia. Hata kuku wake mpendwa, Kishungi, alikuwa hajaonekana kwa muda.

"Kuku kapotea, watu wamepotea," alisema jioni moja akifunga khanga zake kwenye furushi. "Nimewakosea nini jirani zangu? Basi miye narudi Pemba kwa kaka yangu Kombo. Pahala pakikukataa, hupalazimishi."

Semeni akakirudisha kitumbua kwenye sinia. Bibi ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alitaka kusema kweli, lakini akaogopa. Akaona njia iliyo rahisi zaidi ni kwenda kuliondoa kago kimyakimya.

Siku iliyofuata, alipotoka shule, alinyata hadi kwenye mstafeli. Akaunyoosha mkono. Ko, ko, ko! Hewa ilikuwa imetulia kabisa. Semeni alikimbia huku akisoma sura zote alizozijua, na zilipokwisha akaendelea na jedwali la kuzidisha kwa saba. Nyuma yake ilibaki kandambili moja.

Dada Leticia aliiona kandambili hiyo kutoka dirishani.

"Jamani! Limemla mtoto!"

Mtaa mzima ukafurika nyuma ya nyumba. Hata dada Leticia alisahau kwamba hatoki, akaja na mtoto mgongoni. Mwalimu Anastazia, aliyekuwa akipita kutoka shule, alimshika mkono Bibi Maryam na kumleta polepole. Bibi alikuta macho yote yakimtazama yeye.

"Bibi, tunakuomba," alisema Mzee Fanueli bila kumtazama usoni, "liondoe kago lako."

"Kago?" Bibi alitazama kifuu, akatazama mchele. "Miye? Miaka yote hii nawalisha, ndivyo mnavyonijua?" Akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Semeni alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji, mguu mmoja peku. Alipoiona ile khanga ikipanda machoni, alitoka.

"Ni langu! Nimelitengeneza mimi! Kifuu ni cha nazi tuliyokuna jikoni, na kijiko ni kile kibovu!"

Halafu dada Leticia akapiga ukelele: "Mtoto kapandwa na shetani! Sikieni, hiyo si sauti yake!"

"Ni yangu! Nina mafua!"

"Na tumbo langu je?" aliuliza Mundhir.

"Embe mbichi!" alijibu Semeni. Mundhir alifikiri kidogo, kisha akatazama chini.

"Kama ni lako," alisema Mzee Fanueli, "liguse."

Ko, ko.

Watu wote walirudi nyuma, na Semeni akarudi nao. Akamtazama Bibi. Bibi alikuwa amesimama palepale, mdogo kuliko siku zote, akimsubiri. Semeni akauma meno, akaenda, akafumba macho na kupeleka mkono. Kitu chenye joto kikamdonoa.

Aliyepiga yowe alikuwa Semeni, lakini waliokimbia walikuwa wengine wote. Walisimama walipofika bombani. Walibaki Bibi Maryam, asiyeweza kukimbia, na Mwalimu Anastazia, ambaye mkono wake ulikuwa umebanwa na Bibi.

"Kishungi!" alisema Bibi. "Weye ndiye uko huku?"

Kutoka kwenye mchaichai alichungulia kuku mnene, mchele mdomoni. Shingo yake ilipojinyoosha kudonoa punje nyingine, iliuvuta uzi, na kijiko kikagonga kifuu. Chini ya mbawa zake vifaranga walikuwa wakilia. Alikuwa ameatamia hapo siku zote hizo, akiletewa chakula mlangoni kama bibi harusi.

Bibi alisema, "Astaghfirullah," kisha akaanza kucheka, na watu wakarejea mmoja mmoja, kila mmoja akidai kwamba yeye alikwenda tu kufunga bomba.

"Lakini Mwalimu," aliuliza Mundhir, "mbona tuliogopa sote? Hata Semeni aliyelitengeneza?"

Mwalimu Anastazia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kwa mwoga huenda nini?"

"Kicheko!" walijibu watoto.

"Na kwa shujaa?"

"Kilio!"

"Sasa fikirini watu wa kale kabisa, porini, kabla ya nyumba na taa. Majani yanatikisika. Mmoja anasema ni upepo, anaendelea kula matunda. Mwenzake anasema kuna mtu pale, anakimbia. Mara nyingi ni upepo kweli, na aliyekimbia anachekwa. Lakini siku moja ni chui. Nani alirudi nyumbani akalea watoto?"

"Mwoga!"

"Basi sisi ni wajukuu wa mwoga yule, na masikio yake tumeyarithi. Tukisikia ko, hatuulizi ni nini. Tunauliza ni nani."

Mzee Fanueli alikohoa. "Kwa hiyo, Mwalimu, na dini ni woga?"

"Sikusema hivyo, mzee wangu. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba sikio hilohilo liliwafanya watu wa kale waanze kuuliza nani yuko nyuma ya radi, na nani analeta mvua. Wengine wanasema sivyo, ni kusali na kuimba pamoja kulikowaunganisha watu, na waliounganika wakadumu. Bado wanachunguza. Sayansi inajaribu kueleza kwa nini binadamu ni mwepesi wa kuamini. Kama Mungu yupo, hilo ni swali jingine, na kuku huyu hawezi kutujibia."

"Miye nilikwishajibiwa zamani," alisema Bibi Maryam. "Na Mungu wangu hali mchele."

Watu wakacheka, ila Semeni. "Lakini stafeli liliibwa kweli, Bibi."

"Stafeli lipi? Lile kubwa? Nilimpelekea Leticia alipojifungua, apate kunywa maji yake. Mzee Fanueli ndiye aliyelichuma, kwa kutumwa na miye."

Mzee Fanueli aliuchunguza mkongojo wake kana kwamba ameuona leo. Sasa watu wakaelewa kwa nini tahadhari yake ilitangulia ya wengine.

"Lilikuwa tamu," alisema dada Leticia kwa sauti ndogo, akiwa hana tena dirisha la kujifichia.

"Unaona, Semeni?" alisema Mwalimu. "Wa kwanza kumwona mtu pasipo na mtu ni wewe."

Bibi alimvuta mjukuu wake karibu. "Sikio la kuogopa tumelirithi, sawa. Lakini na mdomo wa kuulizia tumepewa. Ungeniuliza neno moja tu siku ile, haya yote yasingekuwa. Na uwongo, mjukuu wangu, haumjui aliyeuzaa. Ukishautoa, hata weye mwenyewe unakukimbiza. Ila leo umesema kweli mbele ya watu, na mkono umeupeleka huku unaogopa. Hapo nimekuona."

Lakini adhabu ilikuwa palepale. Kesho yake Semeni alipita na sinia nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alieleza kisa chote kabla ya kufunua kawa. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini watu walicheka, wakaomba radhi, wakanunua, na dada Leticia akanunua mara mbili. Sinia lilirudi tupu. Bibi akazifungua khanga zake na kuzirudisha sandukuni.

Jioni Semeni alikwenda kuchota maji. Alipofika karibu na mstafeli, mchaichai ulitikisika, na safari hii Kishungi na wanawe walikuwa uani. Mguu wa Semeni ulikuwa umeshainuka kukimbia. Akaushusha. Akaweka ndoo chini, akavuta pumzi, akayatenganisha majani aone.

Alikuwa Mundhir, amechuchumaa, stafeli limemjaa mdomoni na mbegu ziko kidevuni.

"Nilikuwa nakuja kuuliza," alisema Mundhir.

"Haya basi," alisema Semeni akimshika mkono, "twende kwa Bibi ukaulize."