Kanda ya Kwanza ya Zeinabu

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kufuli la chumba cha kazi cha Zeinabu Osman, mtaani Lindi, Kibera, lilikuwa bado limefungwa. Lakini komeo lililolishikilia lilikuwa limefunguliwa kutoka kwenye ubao wa mlango, na skrubu zake nne zilikuwa zimepangwa kwenye kizingiti, moja kando ya nyingine.

Inspekta Wangoi alifika saa moja na dakika ishirini na tano. Alizihesabu zile skrubu kabla ya kusalimia.

"Kumeibwa nini?"

"Kanda zangu za video," Zeinabu alisema. "Zile ndogo za kamera. Kumi na moja, ndani ya mkebe wa biskuti."

"Na kamera?"

Kamera ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa.

"Hiyo wameiacha. Afande, mwizi gani wa Kibera anaacha kamera?"

"Mwizi asiye na haja nayo," Wangoi alijibu, akaandika.

Kuanzia Lindi hadi Silanga, mtu yeyote aliyevuka miaka ishirini na mitano alimjua Zeinabu. Mwaka 2008, wakati majirani wengi hawakujua kwamba mtu anaweza kujulikana duniani bila kuingia kwenye televisheni, mwanamke huyu Mnubi aliweka kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaketi mlangoni pake na kikombe cha kahawa, akazungumza kwa dakika nne, akianza na salamu iliyokuja kuwa yake: "Nipo mlangoni, jina langu Zeinabu Osman." Alizungumza juu ya maji, mawifi, wenye nyumba na wapangaji wao. Kisha akaiweka video mtandaoni. Katika miaka mitano alitengeneza video zaidi ya mia tatu. Watu walimwandikia kutoka Khartoum, Muscat na Minneapolis. Mwaka 2013 akaunti yake ilifungwa na wahuni waliokuwa wameidukua, na video zote zikaenda nayo. Zilizobaki mtandaoni zilikuwa nakala zilizowekwa na watu wengine, zenye tarehe za watu wengine.

"Kesho saa nne asubuhi kuna maonyesho Kawangware," Zeinabu alisema. "Ya watu waliotangulia kwenye mambo ya video. Bi Caren, msimamizi, ana maelezo mawili juu ya video ya kwanza. Yangu yanasema niliitengeneza mimi. Ya Mzee Kiragu, aliyekuwa na saiba ya kompyuta huko Kawangware, yanasema wazo lilikuwa lake, kamera yake na kazi yake. Mimi eti nilikuwa mdomo tu."

"Na kanda ndiyo inayoamua?"

"Kanda ya kwanza. Ina tarehe, ina sauti. Bila hiyo, ukutani nitaandikwa msaidizi. Sikuwa msaidizi wa mtu."

Wangoi alimpigia Caren simu. Jibu lilikuwa fupi. "Mzee Kiragu ana mashahidi wawili wa maandishi, Inspekta. Bi Zeinabu alikuwa na kanda. Kama haipo, siwezi kuandika hisia zangu ukutani."

Alhamisi saa tisa alasiri Zeinabu alikuwa amewaandalia chai watu wanne na kuwaonyesha mkebe: Caren, Mzee Kiragu, Austine, kijana wa Kawangware mwenye kipindi cha mtandaoni, na Riyadh, mtoto wa kaka yake Zeinabu, anayeishi uani hapo hapo. Saa kumi nyumba nzima ilikwenda kwenye hina ya bibi harusi nyumba ya tano, ikarudi saa tatu usiku. Usiku hakuna aliyekwenda upande wa chumba cha kazi.

Riyadh alihojiwa uani, saa mbili na nusu.

"Ulitaka hizi kanda zipotee?" Wangoi aliuliza.

"Nilimwambia Anti azichome. Mwaka jana. Hilo sikatai."

"Kwa nini?"

"Kuna siku alimsema marehemu baba yangu, juu ya kupandisha kodi. Watu wakacheka hadi leo. Mimi ndio nakutana nao msikitini."

"Jana saa kumi hadi saa tatu ulikuwa wapi?"

"Kwa hina. Nilibeba masufuria. Waulize wamama, walinituma kama punda."

Wamama walipoulizwa walithibitisha, na mmoja akaongeza kwamba punda angekuwa na mwendo wa kasi kuliko yeye. Hata hivyo, watu watatu walisema kwamba saa kumi na moja Riyadh alitoweka kwa karibu nusu saa. Yeye alidai kwamba alikwenda kuswali. Wangoi aliacha mstari mtupu chini ya jina lake.

Mzee Kiragu alimpokea saa nne kasorobo, kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo lake eneo la Gatina, Kawangware. Alikuwa na miaka sabini na miwili, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Ukutani kwenye ngazi palikuwa na maandishi ya rangi yaliyofifia: RUDISHA KANDA MWANZO. FAINI SH. 10.

"Hiyo ni ya zamani, mami," alisema Kiragu alipomwona Wangoi akiisoma. "Kabla ya saiba nilikuwa na laibrari ya video hapa, nikikodisha kanda. Kanda mia saba. Miaka kumi na minne, na sikupoteza hata moja."

Rafu ya kanda ilikuwa bado sebuleni, ukuta mzima, kila kasha na namba yake.

"Zeinabu alikujaje hapa?"

"Saiba ya Lindi ilichomwa wakati wa zile fujo za uchaguzi. Akaja kwangu. Msichana wangu huyo! Nikamwambia, wewe una mdomo, mimi nina mashine, tufanye kitu. Hata wajukuu wangu wanaijua hiyo hadithi. Kesho wanakuja wote tisa."

"Bado una mashine za kuchezea kanda?"

"Za nini siku hizi? Niliuza zote."

"Na jana jioni?"

"Nilikuwa hapa hapa. Peke yangu. Mzee ataenda wapi?"

Saa tano na dakika kumi simu ya kituo ilipokea ujumbe kutoka kwa mtu ambaye hakutaja jina: mkebe wa Zeinabu uko kwenye studio ya Austine. Saa sita kasoro dakika tano Wangoi aliukuta nje ya dirisha la studio hiyo, kwenye uchochoro, chini ya gunia. Ndani mlikuwa na kanda kumi. Ya kwanza haikuwemo.

Austine aliitazama moja kama mtu aliyepewa jino la mamba.

"Niaje madam, hii ni nini hata? Inaingia wapi?"

"Jumatano ulisema kwenye kipindi chako kwamba Zeinabu ni mwongo."

"Nilisema aonyeshe pruvu! Hiyo ni beef ya kawaida, madam, kuchokozana tu. Watu wanapenda. Sasa nikimwibia pruvu, beef inaisha. Nitakula nini?"

"Unaweza kuicheza hii?"

"Kwa hii simu? Labda niitie kwa chaja." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Madam, unaniweka ndani kweli?"

"Bado. Usiondoke Kawangware."

Saa nane mchana Wangoi aliurudisha mkebe Lindi ili Zeinabu azitambue kanda zake. Zeinabu alichukua moja bila kuchagua, akaitazama kwenye kidirisha chake, akaiweka chini. Akachukua nyingine. Alipofika ya nne uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amezirudisha?"

"Eleza."

"Tazama. Utepe wote uko upande huu, kila kanda. Zimerudishwa mwanzo. Mimi sijawahi kurudisha kanda hata siku moja! Betri ilikuwa moja, na stima hapa ilikuwa ikija kama mgeni. Kurudisha kanda kulikula betri. Kwa hiyo nilikuwa nikiacha pale nilipoishia, kesho naendelea hapo hapo. Nyumba nzima ilijua. Riyadh aliwahi kurudisha moja akiwa mdogo, nikamfukuza na mwiko hadi barabarani."

Wangoi alihesabu. Kanda kumi, zaidi ya dakika mbili kila moja. Mtu alikaa karibu nusu saa akifanya kazi ambayo mwizi hana sababu ya kuifanya. Riyadh alikuwa na kamera ya shangazi yake mezani na asingerudisha. Austine hakujua kanda inaingia wapi. Aliyerudisha alikuwa na mashine yake, ndiyo maana aliiacha kamera. Na alirudisha kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vinginevyo.

Alimpigia Caren tena. "Kesho kanda ingechezwa kwa kutumia nini?"

"Tumeazimwa mashine. Mzee Kiragu atakuja nayo mwenyewe asubuhi, aliahidi tangu mwezi uliopita."

Saa kumi jioni hakimu alitia sahihi hati ya upekuzi. Wangoi aliiweka mkobani na hakuitumia siku hiyo. Kanda ni ndogo kuliko pakiti ya sigara, na jengo la Kiragu lina vyumba thelathini na viwili vya wapangaji. Alitaka kwanza kujua atafute wapi.

Jumamosi, saa mbili na dakika hamsini, Mzee Kiragu aliingia kwenye ukumbi wa maonyesho akiwa amebeba mashine. Ndani walikuwamo Caren, Zeinabu, Riyadh, Austine na Wangoi. Konstebo mmoja alikuwa amesimama kwenye ngazi za jengo la Gatina, hati ya upekuzi mfukoni na simu yake mkononi.

"Nimesikia kanda zimepatikana," Kiragu alisema. "Mungu ni mkubwa. Ila ile ya kwanza ndiyo haipo, sivyo? Pole, msichana wangu."

"Uliniambia uliuza mashine zote, Mzee," Wangoi alisema.

"Hii nilisahau. Uzee."

"Hapana neno. Tuchezee kanda moja, tuone kama inafanya kazi."

Kiragu aliweka kanda ya saba. Kwenye kioo cha televisheni alitokea Zeinabu wa miaka ya nyuma akilalamikia bomba la maji. Riyadh alicheka kabla hajajizuia. Baada ya dakika tatu Wangoi alisema, "Inatosha. Nipe."

Kiragu alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Kisha kidole kikahamia kwenye kitufe cha pili. Mashine ikavuma, ikarudisha utepe hadi mwanzo, ikasimama kwa mlio mdogo. Ndipo alipoitoa kanda, akaipangusa kwa leso, akamkabidhi Wangoi kwa mikono miwili.

"Kwa nini umeirudisha?" Wangoi aliuliza.

"Kwani utampa mtu kanda haijarudishwa? Hiyo ni tabia mbaya."

"Kanda kumi za mkebe zilirudishwa hivyo hivyo, Alhamisi jioni. Mwenyewe hajawahi kurudisha hata moja. Nani mwingine hapa ana tabia nzuri?"

Kiragu aliikunja leso mara nne. "Hiyo si ushahidi."

"Si ushahidi kamili. Komeo lilifunguliwa kwa bisibisi na skrubu zikapangwa. Mwizi wa kawaida anavunja. Huyu aliheshimu mlango. Nilishangaa mtu mpangilifu hivyo angewezaje kuichukua kanda ya miaka mingi na kuitupa kwenye mtaro kama ganda la mahindi."

"Mimi situpi kanda!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko ukumbi. Caren alirudi hatua moja.

"Kanda mia saba," Kiragu alisema. "Mia saba! Sijawahi kutupa hata moja."

"Basi iko kwenye rafu," Wangoi alisema, akainua simu. "Konstebo, hati unayo. Sebuleni, rafu ya ukuta mzima. Fungua kila kasha."

Walisubiri dakika kumi na tisa. Saa tatu na dakika ishirini na nne konstebo alipiga simu: kanda ndogo ndani ya kasha namba 701, lebo mpya, mwandiko wa kalamu ya wino. Konstebo aliipiga picha mahali ilipokuwa, kisha akaileta kwa pikipiki.

Kiragu alikuwa ameketi.

"Nilitaka kuisikiliza tu kwanza," alisema. "Kwenye chai, Zeinabu alisema ina sauti yangu. Nilikuwa nimesahau nilichosema siku ile. Kwa kweli nilikuwa nimesahau, mami. Nimesimulia ile nyingine miaka hii yote hadi nikaiamini. Nikaweka kanda, nikajisikia." Alitazama mlangoni. "Wajukuu tisa."

"Na mkebe kwa Austine?"

"Niliuweka mimi, na ule ujumbe ni wangu. Yeye hana heshima kwa mtu."

"Ai, guka, babu yangu!" Austine alisema. "Mimi nilikuwa nakushabikia!"

Wangoi alimsomea Kiragu makosa mawili: kuvunja na kuiba, na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Kisha alimgeukia Zeinabu. "Ni haki yako kusema kama unataka kesi iendelee."

"Iendelee. Kama angekuja kuniomba tufute ile sehemu yake, labda ningefuta. Hakuja kuomba." Zeinabu alinyoosha gurbaba, vazi lake la Kinubi, begani. "Lakini kabla hujamchukua, kanda ichezwe. Naye akae."

Kielelezo kinaweza kutazamwa mbele ya mtuhumiwa. Wangoi alikubali.

Saa nne kamili milango ilifunguliwa. Kutoka Kibera walikuja wanawake wa Kinubi na watoto wao, na wapangaji wa Lindi. Kawangware ilikuja na kila mtu wake, pamoja na wajukuu tisa. Caren alibonyeza mwenyewe. Pembeni mwa kioo ilisomeka tarehe: 16 Machi 2008. Baada ya dakika nne za mlangoni, Zeinabu alionekana mbele ya kompyuta ya saiba, kamera mkononi mwake, ameigeuzia uso wake. Sauti ya mwanamume ilitoka nyuma yake, changa kuliko leo, lakini ni ile ile.

"Wewe, toa huo upuzi kwa mashine yangu. Nani ataangalia mwanamke wa Kibera akiongea mlangoni?"

Zeinabu wa kwenye kioo hakugeuka. "Mimi nimelipia masaa matano," alisema. "Nipo mlangoni, jina langu Zeinabu Osman. Hii video ya kwanza imefika nusu, na huyu baba amechoka kunifukuza. Ngojeni kidogo, inapanda mtandaoni."

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi, kisha Lindi yote ikasimama. Kiragu alibaki ameketi, mikono kwenye magoti, akitazama kioo.

Saa nne na dakika kumi na nane Caren alilitoa ukutani bango lenye maelezo ya Kiragu, akampa Zeinabu kalamu na karatasi nzito. Zeinabu aliandika jina lake, tarehe, na neno Lindi. Riyadh ndiye aliyelibandika.