Mate ya Bi Habiba

Jioni ile Arafa alibakiza daftari moja tu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kumbukumbu za shamba la zamani la minazi huko Zinga, lenye jumba lililohifadhiwa na kila kitu chake. Mwanawe Adila, wa miezi minane, alikuwa mkekani pembeni yake. Hakumwachia mtu. Mimba tatu zilimharibikia kabla ya huyu, utamlaumu?

Ila ana tabia moja, jamani, chafu. Hafunui ukurasa bila kulamba kidole.

Akalamba, akafunua. Akalamba tena. Majina ya wakwezi, waliougua, waliokufa. Kila ukurasa una doa la njano pembeni, palepale kidole kinapogusa. Ladha yake ikamkaa ulimini... chachu, kama mdomo wa mtu aliyelala na njaa.

Akamenya ndizi, akamtafunia mwanawe kama kawaida, akamlisha kwa kidole.

Ukurasa uliofuata ukadondosha picha. Mwanamke mnene kitini, daftari lilelile mapajani, kidole ulimini. Kidevu kimelowa.

Na ukurasa wenyewe ulikuwa umelowa. Uteute ulimng'ang'ania kidoleni kama kamasi.

"Mzee Mbaruku! Hebu njoo uone."

Mlinzi akaja. Akakitazama kidole cha Arafa, akarudi nyuma.

"Umelamba?" akanong'ona.

"Kwani nini?"

"Astaghafirullah! Huyo pichani ni Bi Habiba, mwenye shamba. Uchawi wake ulitaka mrithi, na hurithishwa kwa mate. Wanawe walimkimbia. Siku zake za mwisho alijifungia humu, analamba kurasa..."

Arafa akalitupa daftari mkekani, akakimbilia dirishani kutapika. Akausugua ulimi kwa kanga mpaka ukatoka damu. Ptuu! Ptuu! Mate ya maiti, kayameza daftari zima!

"Tapika, mwanangu, tapika," Mbaruku akamtuliza. "Mtu mzima akitapika, hayamkai. Yanataka kinywa kichanga. Alimradi mtoto hujampa kitu."

Ndizi.

Arafa akageuka.

Adila alikuwa amekaa wima, daftari mapajani, udenda ukimchuruzika hadi kifuani. Mama yake akamwita. Hakuigeukia sauti ile. Akakitia kidole mdomoni, akakilamba taratibu...

Akafunua ukurasa mmoja, bila kuuchana.